Maji ya Moto ya Msibani

Sipendi mtu anisifie usafi. Mimi ndiye niliyemnawisha mama yangu maji yasiyo na dawa, huku nikijiona fundi.

Mwaka ule kipindupindu kilikaa Tunduma wiki nyingi. Baba mkubwa akafariki, yeye kwa kifua tu, na bwana afya akaja nyumbani kutuonya. Hakuna kula msibani, alisema, mpaka kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Akatuachia chupa. Wakanikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niliweza kusoma karatasi ya chupani. Nikaisoma. Ilisema changanya na maji ya baridi. Nikaona hayo ni maandishi ya watu wa Dar es Salaam, wasioijua Juni ya kwetu.

Kwetu humnawishi mgeni maji ya baridi asubuhi ya kipupwe. Ni kama kumwambia hukumtaka. Akina mama walikuwa wametembea tangu alfajiri, khanga mbili mbili mabegani, vidole vimekufa ganzi. Basi nikachemsha sufuria kubwa, nikamimina dawa humo humo, jikoni. Sabuni sikuweka, nilijua dawa inatosha. Harufu ikapanda mpaka nikatokwa machozi. Nikafurahi, nikaongeza kuni. Kumbe ile ndiyo dawa yenyewe, inaondoka zake.

Maji yalipopoa kidogo, mama akawa wa kwanza kunawa. "Huyu amelelewa," akawaambia wenzake, na wote wakanisifu. Kisha wakakaa kwenye masinia, mikono sita sita katika ugali mmoja.

Siku ya pili mama akaanza kuharisha. Kufika jioni alikuwa kwenye hema la wagonjwa, juu ya kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, macho yameingia ndani. Asubuhi bwana afya akaniita pembeni.

"Ulichanganya na maji gani?"

"Ya baridi."

"Afadhali. Ya moto yanaua dawa, mtu ananawa maji matupu."

Ujuaji mwingi, mbele giza. Ningesema kweli, wote waliokula na mama wangefuatwa majumbani saa ile ile. Niliogopa aibu. Niliogopa watu wangesema msomi wetu ametuua, basi nikanyamaza, na wawili wao wakaletwa hemani kesho yake wakiwa hoi. Nilijichukia, na bado najichukia.

Asubuhi ile ile nikarudi kwa mama. Sauti yake ilikuwa imekauka, ikabidi niiname.

"Nimeupataje huu, mwanangu? Mbona nilinawa?"

"Ulinawa, mama."

"Labda nilishika kitu baadaye. Mimi nami, mikono yangu haitulii."

Alikuwa ananitazama, anangoja nimjibu.

"Labda, mama," nikasema.

Akafumba macho. Alikufa kabla ya adhuhuri, akijilaumu.