Nilivyokwenda Kilosa Kushika Zamu ya Usingizi

Nilipelekwa Kilosa kwa sababu bwana mmoja aliugua. Hospitali niliyotumwa ilikuwa na mtu mmoja tu wa kutoa dawa ya usingizi, na alipolazwa yeye, wajawazito wa kupasuliwa walikosa pa kukimbilia. Nilikuwa muuguzi Morogoro, nimetoka karibuni masomoni kujifunza kutoa dawa hiyo.

Asubuhi nilipanda treni. Tulipita mikonge ya Kimamba, kisha tukafika Kilosa, ambako Mama Zuhura, mkunga mkuu, alinisubiri stesheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai utakunywa baadaye. Kuna mzazi kaletwa na lori kutoka Mikumi, mtoto amekingama tumboni."

Wodini nilimkuta huyo mzazi, Salima, na mkwewe. Nikauliza kama amekula.

"Tumemlisha ugali hapo Masanze njiani, apate nguvu," akajibu mkwewe.

Aliyeshiba akilazwa kwa etha, dawa ya usingizi ya kuvuta, anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni, akafa. Ilibaki sindano ya ganzi mgongoni, ambayo nilikuwa nimeichoma mara chache, tena mwalimu akiwa ubavuni.

"Unaweza?" daktari wa kupasua akauliza.

"Mama Zuhura amshike asicheze, nitaweza."

Nilipochoma mara ya kwanza niligonga mfupa. Mara ya pili yakatoka maji maangavu ya uti wa mgongo, nikasukuma dawa, miguu ikafa ganzi. Punde Salima akasema anaona giza; shinikizo la damu lilikuwa limeshuka. Nikafungulia dripu, nikamwinamisha kwa ubavu wa kushoto, nikamsemesha mpaka macho yakatulia.

"Mbona nawasikia? Sijafa?"

"Hujafa. Sikiliza tu."

Daktari akapasua; mtoto akalia, na Salima akalia.

Alipopata nafuu, lori la kijiji lilikuja kumchukua. Zamu yangu ilikuwa imekwisha, nikaondoka nao hadi Mikumi ili nikapande basi la Morogoro huko. Uani kwa Salima wanawake walijaa. Walikuwa wakiamini anayelazwa kwa dawa haamki, ndiyo maana Salima alicheleweshwa. Aliwaeleza mwenyewe kwamba alisikia yote na yu hai. Jirani mwenye mimba kubwa akanigeukia.

"Nikipelekwa Kilosa, nitakukuta?"

"Hapana, zamu yangu imekwisha. Utamkuta bwana mwenye kazi hiyo; alikuwa mgonjwa, keshapona."

"Na akiugua tena?"

Kwenye basi nilielewa kwamba nilikuwa nimemwokoa Salima, lakini ujuzi wenyewe nilikuwa nikiondoka nao.

Morogoro nilikwenda moja kwa moja kwa mganga mkuu, nikaomba Mama Zuhura apelekwe masomoni.

"Umri wa masomo umempita," akasema.

"Basi nirudishe mimi, nimfundishe huko huko."

Akaniuliza treni ya kwenda Kilosa inaondoka lini.