Filamu Aliyoisimulia Fides

Makopo matupu yakigongana, roho huniuma kwa wivu hadi leo. Jirani yangu hana habari. Anafungulia kuku wake asubuhi, anatikisa kopo la pumba, na mimi niko dirishani na umri wangu huu, nimenuna kama mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Nilikuwa na miaka hiyo Fides alipoletwa kwetu Ifakara kwa treni kutoka Mlimba. Alikuwa mtoto wa shangazi. Mama yake alikuwa ameolewa tena, na huyo mume mpya hakutaka kulea mtoto wa mwanamume mwingine. Miaka tisa, mkimya, magoti yamepauka. Mama akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kweli siku ya tatu tulikuwa naye shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti tulichokaa kuwinga ndege wasile mpunga. Kamba zenye makopo zilitoka dunguni kwenda kila upande. Mimi nilishika za upande wa barabara, yeye za upande wa mto. Sheria ilikuwa moja: anayewaona ndege kwanza ndiye apige kelele, hata kama si upande wake.

Sasa, Jumapili moja baada ya misa, padre mgeni alituwekea video kwenye ukumbi wa parokia. Tulizoea filamu za Yesu. Siku hiyo kilitokea chombo kinachoelea gizani, kimejaa watu wanaokwenda kwenye nyota ya mbali kiasi kwamba watakaofika ni wajukuu zao. Hayo padre alitueleza mwanzoni. Yaliyobaki yalikuwa Kiingereza na kimya kirefu. Mwanamke alimwagilia mche. Mtoto wa kike aliweka kiganja kwenye kioo. Wazee walivumilia wakimsubiri Yesu, walipochoka wakaenda zao. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, sikuambulia kitu, nikatangaza kuwa kanda ni mbovu. Kumgeukia Fides, analia. Machozi yamefika kidevuni na wala hayafuti.

Kesho yake dunguni Mama alimuuliza kilichomliza. Kumbe yule mkimya alikuwa na maneno. Alisimulia kwamba yule mtoto alizaliwa humohumo safarini, hajawahi kukanyaga udongo, na kila siku anawauliza wakubwa: "Mmenisafirisha bila kuniuliza. Tukifika, nitakuwa mtoto wa nani?"

Mama aliacha kusuka ukili. Baba, ambaye hadithi zangu zote alizijibu kwa "haya," aliweka panga chini.

"Sasa huyo mtoto," akasema, "akitaka kurudi kwao, atarudi wapi, na kwao ni humohumo njiani?"

"Ndiyo maana nililia, Mjomba."

Baba akamsogelea, akamwambia aendelee. Mimi hajawahi kunisogelea hivyo. Niliona wivu, jamani, wivu wa kutaka kumsukuma mtu. Nyumba ile msimuliaji alikuwa mimi, na huyu wa juzi tu, tena asiyejua hata kuhesabu kwa Kiingereza, alikuwa amewateka wote.

Fides alikuwa ameachia kamba zake ili asimulie kwa mikono. Ndipo nilipowaona kwelea, wale ndege wadogo walao mpunga, wakitanda upande wa mto, kisha wakashuka. Niliwaona kabla ya mtu yeyote. Kanga husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, nilinyamaza. Nikageukia upande wangu wa barabara, nikavuta kamba zangu kwa bidii kama mtoto mwema, na kelele za makopo yangu zikaficha za ndege, mpaka Baba mwenyewe alipoinua macho.

Upande ule wa mto ndio uliokuwa umekomaa, na ndio ungetulisha mwaka mzima. Baba hakumpiga Fides. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba kilichobaki hakitoshi midomo yote. Wiki ileile akampandisha treni kurudi Mlimba. Kifurushi chake nilikibeba mimi mpaka stesheni, na niseme ukweli, nilikibeba kwa furaha. Sijamwona tena.

Mwaka jana mwanangu alinitafutia filamu ile kwenye simu, baada ya mimi kumsumbua siku nyingi na habari za mche na kiganja. Kiingereza sasa nakielewa. Niliitazama yote, na ni nzuri, nzuri ya kukukosesha usingizi. Haijibu kitu, inakuuliza tu mtu ni wa wapi kama maisha yake yote yuko njiani. Lakini yule mtoto hasemi. Nilirudisha nyuma mara tatu kuhakikisha. Anaweka kiganja kwenye kioo, basi, hafungui mdomo mwanzo hadi mwisho. Swali lile lilikuwa la Fides mwenyewe. Alikuwa akituuliza sisi, na Baba alikuwa amekaribia kumjibu wakati mimi nilipowaona ndege nikanyamaza.