Hodi kwenye Goti

Goti langu nililivunjia juu ya dawati, nikimwigiza mwalimu wa zamu anavyokagua gwaride. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza ghafla. Kugeuka, mwenyewe kasimama mlangoni! Shikamoo nilimpa nikiwa hewani, marahaba nikaipokea nikiwa sakafuni.

Hogo la plasta lilipokatwa, mguu ulikuwa umekakamaa kama ubao. Hospitalini nikakabidhiwa mwanafunzi wa fiziotherapia aliyeletwa hapa Morogoro kwa mafunzo ya vitendo. Kijana mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mifuko imegoma kufunguka. Siku ya kwanza akainama, akasema, "Ndugu mgonjwa, naomba ruhusa niliguse goti lako."

Nilicheka nikapaliwa. Kwanza hiyo "ndugu"! Mjini kwetu neno hilo liliondoka pamoja na foleni za sukari. Siku hizi maduka yamejaa, mitumba imejaa, na kila mtu ni bosi, hata asiye na duka. Pili, ruhusa! Bibi yangu, aliyeteremka kutoka milimani kuja kunisindikiza, alibaki anatazama dari. Kule kwake mkandaji anaudaka mguu, wewe unapiga kelele, mnaagana.

"Mganga gani huyu anapiga hodi kwenye goti?" akauliza.

"Bibi, mwenye goti ni yeye. Mimi mgeni tu," kijana akajibu, hata hacheki.

Wiki ya tatu aliniambia kwa nini halali vizuri. Ijumaa mkufunzi wake angekuja kumpima, na mgonjwa wa mtihani ni mimi. Mara ya kwanza alifeli: mgonjwa alilia kwa maumivu, yeye akaendelea kuukunja mguu ili awahi muda. Akifeli tena, anafungasha virago anarudi kwao.

"Tafadhali kaka, siku hiyo usilete utani."

Nikaapa. Kuniomba mimi jambo kama lile ni kumwachia mbuzi bustani ya mchicha.

Ijumaa mkufunzi akaingia, mama mnene, miwani kwenye ncha ya pua, daftari kifuani. Bibi akatolewa nje ya pazia. Kijana akanawa mikono, akachukua kile kipimo chake cha pembe, kaka mkubwa wa kile cha kwenye mkebe wangu wa hisabati.

"Naomba ruhusa niliguse goti lako."

Sijui alikuwa shetani gani. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Hapana."

Mkufunzi akatazama saa. Nje ya pazia nikamsikia bibi: "Jamani, mtoto huyu!" Uso wa kijana ukawa wa majivu. Mikono yake ilishakaribia kabisa, nikaiona inarudi nyuma, inatulia kwenye koti. Hakunibembeleza wala kunikonyeza.

"Sawa. Kuna panapouma, au unaogopa?"

Utani wangu ulikuwa unamfungashia mtu begi.

"Hapaumi, nilikuwa nazingua tu. Shika, bro!"

"Una uhakika?"

"Ninao!"

"Ukibadili mawazo niambie, nitaacha."

"Kaka, SHIKA!"

Akapima, akakunja, akakunjua, polepole, macho yake yakiwa usoni kwangu zaidi kuliko kwenye mguu. Mkufunzi aliandika weee, mpaka nikadhani anaandika barua ya kumrudisha. Akafunga daftari.

"Umepita," akamwambia. "Safari hii umemsikiliza mgonjwa." Kisha akanigeukia. "Haya, hebu na mimi nilione." Akalidaka goti.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba."

"Hujapiga hodi."

Kijana aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika. Mkufunzi aliutoa mkono kama aliyegusa sufuria la moto, akapandisha miwani, akajiweka sawa.

"Naomba ruhusa niliguse goti lako."

"Ngoja kwanza nimuulize bibi."

Sauti ikatoka nje ya pazia, taratibu kabisa: "Mwambie asubiri. Nafikiria."