Nyama ya Wasio na Meno

Huku Uvira nyama ya nguruwe ni mieleka: unaivuta, inakuvuta, na ukishinda ndipo unasema imeiva. Mimi nilitaka kuleta amani. Jumapili moja mama mkwe alitoka Makobola kuja kututembelea hapa Kasenga, nami nikatokosa mbavu polepole, sufuria ikiwa imefunikwa, mpaka mifupa ikaanza kuchungulia. Kisha nikazichoma kwenye mbabula, juu ya makaa, huku nikizipaka mchuzi mzito wa asali ya Lemera, nyanya, tangawizi na pilipili kidogo.

Mama mkwe aligusa ubavu mmoja tu, nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Akanitazama.

"Weye mwanangu, nani alikuambia minye sina meno?"

Nilichemka kuliko ile sufuria. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, basi nikalamba vidole kwa kelele, makusudi kabisa.

Yeye alikula huku akinung'unika. Wakati wa kuondoka akaomba zote zilizobaki.

"Kule iko jirani yangu, mzee mwenye hana hata jino moja. Hii ndiyo chakula yake."

Nikamfungia, na mchuzi nikammiminia.

Mwezi uliofuata tulikwenda Makobola. Yule jirani alikuwa amekaa mlangoni kwake, akanichekea kwa ufizi mtupu. Nikamwamkia, nikamuuliza kama zile mbavu zilimfaa.

Akaacha kucheka.

"Mbavu gani?"