Dorcas na Karatasi ya Sauti Ndefu

Dorcas alikuwa na hasira tangu asubuhi ya mutihani. Kusema kweli alikuwa nayo tangu zamani sana, ila hakuna aliyeiona, maana foni haionyeshi uso wa mutu.

Weye usiyejua foni, kaa chini ufundishwe, juu wanaojua vitu vya maana hapa Bunia ni siye tuliobaki. Foni ni redio ya kusemea: batri ya gari chini, waya juu kati ya miti miwili, mikro mukononi. Kule ambako telefone inakufa, biashara inapita humo mpaka leo. Dorcas, mama munene wa Butembo mwenye sauti kama kengele ya misa, ndiye anashika foni ya depo ya papa Hippolyte, gala la magunia ya biashara. Na foni ina heshima yake. Mutu wa muji wa Nia-Nia akiita wa Aveba, na wa Aveba hasikii, aliye katikati anabeba: anapokea maneno huku, anayapeleka kule, bila kuongeza chumvi. Kukataa kubeba ni sawa na kumunyima mupita njia maji.

Basi Dorcas amebeba. Amebeba matanga ya watu, posa za watu, mapacha ya watu, magunia ya watu. Na hewani hata haitwi Dorcas. Anaitwa "Bunia". "Bunia, bebea!" Amezungumza mpaka koo limeota sugu, na neno moja la kwake mwenyewe hajalisema.

Ndiyo maana aliitafuta lisansi ya redio amatere, karatasi ya wale wanaosema na dunia kwa kupenda tu, kila mutu kwa jina lake. Ya daraja la pili alikuwa nayo, lakini ile ni ya sauti fupi: ukitoka kidogo mu mutaa wetu wa Rwambuzi, imekufa. Alitaka ya daraja la kwanza, ya sauti ndefu. Akajifungia na kitabu cha Kifaransa, akipigana na mambo ya umeme na urefu wa antene, na kila mara akiingia kwenye utamu wa somo, foni inalia: "Bunia, bebea!" Alikitukana kile kitabu kama mutu.

Papa Hippolyte alicheka. "Mama Dorcas, unataka kusema na Wazungu? Haya. Utawaambia nini, weye?"

Dorcas akakipiga kile kitabu mezani. Hapo ndipo hasira ilipoota meno.

Siku ya mutihani, mu sale ya mikutano ya parokia, maandishi aliyapita. Ikabaki jaribio la kusema: kumwita amatere wa Kisangani, kujitaja, kusalimia, kuagana. Mupimaji alikuwa Monsieur Emery, aliyetumwa toka Kinshasa, shati imenyooka, adabu mingi ya kuchokoza. Kisangani akaitika vizuri. Mara, katikati ya salamu, sauti ikachomoza:

"Aveba, Aveba, hapa Nia-Nia! Isidore, maharagi yangu iko wapi? Batu yangu beko na njaa!"

Ni Rachidi, muchimba zahabu wa Nia-Nia mwenye watu wa kulisha, akimutafuta Isidore, muuza maharagi wa Aveba. Huyo, frekanse yake, ile njia ya hewani, ikijaa watu, anahamia popote anapokuta kimya, kama kuku wa jirani. Aveba hakujibu. Na mukono wa Dorcas, bila kumuuliza mwenyewe, ukabana mikro:

"Nia-Nia, hapa Bunia. Sema, nabeba."

Emery akaweka kalamu chini. "Mama, umeanguka mutihani."

"Nimeanguka wapi? Mutu anaita!"

"Amatere habebi maneno ya biashara ya mutu mwingine. Iko mu kitabu."

"Na kama ni mugonjwa?"

"Mugonjwa, sawa. Maharagi haiko mugonjwa."

Watu wakacheka. Na ilikuwa mu kitabu kweli. Dorcas alikuwa ameisoma mpaka kuijua kwa moyo. Kama Emery angekuwa muongo, Dorcas angemutukana akapoa. Sasa amutukane nani? Mukono wake?

"Ngoja wengine wamalize," Emery akasema. "Nitakupa mara ingine. Ukibeba tena, tutaonana mwaka kesho."

Dorcas akangoja inje, juani, akikataa kiti walichomuletea. Walipomwita aliingia kama anayekwenda kupiga mutu. Akaita. Kisangani akajibu: "Nakusikia vizuri, mama. Weye ni nani?"

Kabla hajafungua kinywa:

"Bunia, Bunia! Si ulisema unabeba? Umelala? Beba basi, mwambie Isidore..."

Ee, bwana! Kitu kikapasuka.

"Rachidi! Funga mudomo! Unaingia mu frekanse ya batu kama mbuzi mu shamba ya mihogo? Hapa haiko kwenu! Miye siko punda yako! Niko na jina: Dorcas! Dorcas niko nasema na mutu wa Kisangani, na hapa sibebi maharagi, sibebi chumvi, sibebi kitu! Toka!"

Kisha Kisangani akacheka mpaka mikro yake ikapiga filimbi. "Nimekupata, Dorcas. Bila shaka nimekupata."

Emery akajifuta jasho. "Kumufukuza aliyeingia, ni ruhusa," akasema polepole. "Lakini kitabu kinaomba upole."

"Upole umeisha. Andika!"

Akaandika. Alipompa mukono wa pongezi, Dorcas aliukamua kama nguo mbichi.

Alirudi depo moja kwa moja, lisansi mu kifua, hasira bado inachemuka, akawasha foni. Rachidi alikuwa anangoja, amenuna.

"Bunia, leo ulinitukana mbele ya batu."

"Bunia ni muji. Muji hautukani mutu. Nani alikutukana?"

Kule Nia-Nia watu wana njaa, na Aveba bado hasikii.

"... Dorcas."

"Sikusikii. Rudia."

"Mama Dorcas!"

"Haya. Sasa sema ya maharagi."