Nauli ya Mteremko wa Kimara

Kasiani alipohamia Kimara na teksi yake, kilichotushangaza ni kwamba alikuwa akiisukuma. Kila asubuhi alifungua mlango wa dereva, akaingiza bega, akaisukuma mpaka Barabara ya Morogoro, kisha akarukia ndani na kuteremka kimya kimya kuelekea Ubungo. Majirani wakasema betri imekufa. Mimi sikukubali. Betri iliyokufa haipigi honi, na ile Pijo ilipiga honi kila kuku alipokatiza njia.

Nina ugonjwa wa kutaka kujua, na sijawahi kuutafutia dawa. Nilikuwa nalima mchicha na matembele bondeni na kuuza Kariakoo. Mwaka ule wa Azimio la Arusha sikuwa nimeolewa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniuliza kwa nini namfuatilia kijana wa watu. Asubuhi moja nikamsubiri barabarani na tenga langu la mboga.

"Kaka, gari bovu?"

"Halina ubovu wowote, dada."

"Sasa mbona wewe walisukuma kama mkokoteni?"

Akacheka. "Petroli. Kutoka hapa mpaka Ubungo karibu njia yote ni mteremko. Kwa nini nichome mafuta mahali gari linapokwenda lenyewe?"

Nikapanda, maana jibu lile lilinizidishia maswali. Kabla hatujafika Ubungo nilikuwa nimeshamchimba mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa Newala, kaka yake anachonga vinyago Magomeni. Gari si lake bado. Lilikuwa la Ndugu Projestus, ofisa wa wizara fulani, na zamani Kasiani alimpelekea hesabu kila jioni na kubaki na hela ya kula tu. Azimio lilipotangazwa, viongozi wakaambiwa waachane na biashara za pembeni. Projestus akamwita, akamwambia atamuuzia gari kwa mafungu, mwisho wa kila mwezi.

"Na ukikosa mwezi mmoja?" nikauliza.

"Gari linakwenda kwa shemeji yake. Nilicholipa kinahesabika kodi."

Ndiyo maana alihama Magomeni kwenye abiria akaja kuishi kwetu porini. Alifuata mteremko. Nikafikiri kidogo, kisha nikauliza lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: "Na jioni, unapopanda?"

"Jioni nitapata abiria."

"Wa kupanda teksi mpaka Kimara? Nani?"

"Nimeshampata mmoja," akasema, na akaniangalia kwenye kioo.

Basi nikamletea wanawake wenzangu wa mboga. Asubuhi tulishuka naye, matenga juu ya keria, jioni tukapanda naye tukiwa na chumvi na mafuta ya taa. Kwa wiki kadhaa tukalipa thumni, yaani senti hamsini, kwenda na thumni kurudi. Kisha siku moja, tukiwa katikati ya mteremko, upepo tu unasikika dirishani, swali likanijia na sikuweza kulimeza.

"Kaka Kasiani, injini si imezimwa? Sasa sie twalipia nini?"

"Mnalipia gari."

"Gari tumelikalia tu. Mteremko kauweka Mungu, hujauweka wewe."

Wenzangu wakaangua kicheko, na kicheko kikageuka kuwa madai. Kufika Ubungo nauli ya kushuka ilikuwa imeshuka nayo mpaka senti thelathini. Kasiani alikubali kinyonge, akashika usukani kama anayeshika mkono wa mgonjwa. Nilijisikia mshindi siku nzima.

Sijaona mtu mwenye kujibana vile. Alivaa katambuga zilizokatwa kwenye tairi kuukuu la Pijo ile ile. Mchana alikula muhogo wa kuchoma. Foleni ya teksi Kariakoo ikisogea, wenzake waliwasha magari, yeye alishuka akasukuma. Kaka yake alipokuja kumtembelea alipewa maji ya kunywa, na akaondoka akilalamika njia nzima. Lakini kila mwisho wa mwezi Kasiani alikwenda kwa Ndugu Projestus na kurudi bado ana funguo. Bila kujua ilianza lini, nikajikuta na mimi nahesabu miezi yake.

Ukabaki mmoja.

Wiki ya mwisho wa mwezi ule, breki zikaanza kulia. Kasiani akasema ni vumbi. Asubuhi moja tukiikaribia Ubungo, mbele yetu kukiwa na lori la makaa, nikamwona anakanyaga, halafu anakanyaga tena, na gari haliitiki. Akalipeleka pembeni kwenye tuta la mchanga. Tulisimama kwa kishindo, mchicha ukamwagika barabarani, na mimi nikachubuka ugoko. Niliogopa. Wenzangu baadaye walisema walishtuka tu, lakini mimi niliuacha mchicha pale ulipomwagika, nikakaa mbali na gari.

Fundi Mwinshehe, aliyekuwa na gereji chini ya mkorosho pale Ubungo, alifungua gurudumu na kutuita tutazame. Ndani kuna vibao vinavyolibana gurudumu lisizunguke, mafundi huviita breki shuu. Vilikuwa vimelika mpaka chuma.

"Unateremka umezima?" akamuuliza Kasiani.

"Ndiyo."

"Injini ikiwaka, gari likiwa kwenye gia, yenyewe inalishikilia. Wewe umelishikilia kwa mguu muda wote huu. Petroli yote uliyobana imeishia hapa."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeuliza tunalipia nini, na jibu lilikuwa mkononi mwa fundi, jeusi, linanuka kuungua. Kasiani mwenyewe hakuwa amelijua.

Bei ya breki ilikuwa karibu sawa na fungu lile la mwisho alilokuwa amekwisha kulitunza. Kasiani akakaa juu ya tenga langu.

"Nikimpa Ndugu Projestus hela yake, gari ni langu," akasema. "Za breki nitazitafuta polepole."

"Polepole, na gari lisilosimama?"

Alitutazama mmoja mmoja, akautazama na ugoko wangu. Kisha akamwambia Mwinshehe afunge breki mpya. Alisema akiwa ameangalia pembeni.

Jioni ile nilimsindikiza kwa Ndugu Projestus, nikakaa barazani. Nilisikia kila neno, sikujificha.

"Shikamoo. Nakuomba unipe wiki mbili tu."

"Marahaba. Ndugu Kasiani, tulipatana. Shemeji yangu hela anazo tayari. Kesho jioni, basi."

Tulirudi Kimara. Nilikasirika na Projestus, nikakasirika na shemeji yake nisiyemjua, nikakasirika na zile senti zangu thelathini.

Sasa, mwezi ule zamu ya upatu ilikuwa yangu. Kijumbe wetu alikuwa Bi Bahiya mwenye duka Ubungo, Mwarabu aliyetukusanyia michango na kuikabidhi kwa mwenye zamu. Nilikuwa nimeingoja zamu ile ninunue cherehani niachane na bonde. Asubuhi nikaenda kuichukua.

"Cherehani umeipata?" akauliza.

"Nimepata gari, Bi Bahiya."

Akashusha miwani. "Waolewa?"

"Hapana. Nanunua."

Kasiani naye hakunielewa nilipompa hela za upatu. Akaanza kuniapia kuwa atanilipa.

"Sikukopeshi mie," nikamwambia. "Nusu ya gari ni yangu."

"Mwanamke mwenye teksi?"

"Mkulima mwenye teksi. Si tumeambiwa mali iwe ya wakulima na wafanyakazi? Mfanyakazi ni wewe."

Alicheka mpaka akafuta macho, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Kabla ya magharibi Projestus alikuwa amepokea hela yake, na akasikitika kidogo kwa niaba ya shemeji yake.

Jumatatu nilikaa kiti cha mbele kwa mara ya kwanza. Tulipofika mwanzo wa mteremko Kasiani hakuzima. Aliweka gia, gari likashuka likinguruma.

"Leo mbona lawaka?" sauti ikatoka nyuma. "Nauli je?"

"Thumni," nikajibu kabla Kasiani hajafungua mdomo.

"Mteremko huu huu?"

"Mteremko una breki, mama."

Wakanung'unika, na mimi nikakaa nikiisikiliza injini. Sikuwahi kuisikiliza hivyo. Ilikuwa inakunywa petroli kwenye njia ambayo gari linakwenda lenyewe, na nusu ya kila tone ilikuwa mchicha wangu. Nilijizuia mpaka kwenye kona ya kwanza. Nilipotazama chini, vidole vyangu vilikuwa vimeshaushika ufunguo.

Kasiani akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu bila kuondoa macho barabarani.

"Najua," akasema. Hakukiondoa mpaka Ubungo.