Simu Ikalale Bandani

Zamani hapa Kasekese simu zilikuwa zinalala kwenye banda la kuchaji, kule barabarani. Jioni unapeleka, asubuhi unafuata, usiku mnabaki nyie na usingizi wenu. Kisha nikauza mpunga, nikafunga sola, nikajiona nimeula. Kumbe nilikuwa nimemfungia mdogo wangu mlango wa usingizi.

Alirudi nyumbani baada ya mumewe kwenda machimboni Chunya na kukata mawasiliano. Hakumfukuza, hakumpa talaka, alinyamaza tu. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika mbavu. Sasa akawa anaamka macho mekundu, anatia chumvi kwenye mboga mara mbili, ukimuuliza kitu analia. Palizi tunaanza wote, baada ya muda namkuta amekaa kwenye tuta anatazama majani. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba karogwa. Niliogopa, sifichi.

Nikampeleka zahanati nikijua ni malaria. Kipimo hakikuonyesha kitu. Muuguzi, mama mtu mzima asiye na haraka, akamuuliza analala saa ngapi. Akajibu hajui.

"Na simu unaiweka wapi?"

"Kifuani."

Muuguzi akatuambia akili haitulii ikimulikwa mwanga mpaka usiku, na mtu mwenye mawazo akikosa usingizi, mawazo yanageuka ugonjwa. Ikifika jioni, simu iwe mbali naye.

Mimi sina subira. Jioni hiyohiyo, tukipukuchua mahindi ya kusaga, nikamnyang'anya. Nilijua nitakuta muvi na udaku, na maneno makali nilikuwa nimeshayaandaa. Nikakuta jina la mumewe. Chini yake ujumbe wa mdogo wangu tu, mmoja baada ya mwingine, bila jibu. Juu pameandikwa kwamba jamaa yuko mtandaoni.

"Sasa humu unafanya nini?"

"Namsubiri atoke, dada. Akitoka najua amelala. Na mimi nalala."

Nikamrudishia simu yake. Mwanamume anachati na watu wake huko, huku mke wake anamkeshea kama mtoto mgonjwa. Roho iliniuma, nikashindwa hata kumtazama.

Kesho yake jioni nikaipeleka ile simu bandani. Mwenye banda akanicheka, eti wenye sola nao wanakuja kuchaji kwake. Nikamwambia ashike kazi yake. Usiku ule mdogo wangu alilia kilio cha msiba kabisa, kilio ambacho muda wote ule alikuwa anakizuia kwa kushika simu. Nikakaa naye. Alilia na siku zilizofuata, ila kila siku kilio kikipungua kuliko jana. Nikaanza kumwona anasinzia mapema, na shambani anamaliza tuta lake.

Wakati wa kuvuna, siku moja nilichelewa kurudi, nimechoka hoi, habari ya kupeleka simu bandani kama kila jioni imenitoka kabisa. Nikakutana naye njiani, kanga begani, anaelekea bandani mwenyewe.

"Na akipiga usiku?" nikamuuliza. Nilitaka kumpima.

"Kama ananitafuta, atanitafuta asubuhi, nikiwa nimeshalala vizuri."

Akanipita. Aliporudi tulikula, nikaenda kuosha vyombo, na hata sijafika nusu nikamsikia anakoroma. Nikaziacha sufuria palepale, nisije nikamwamsha.